Grupu ya stresi kule Katindo, Goma: muzuri sana, lakini saa zake zinafungia watu wengi inje

Wengi mumeniuliza inboksi kama ile grupu ya stresi ya kule Katindo, fasi watu wanakutana kuelezwa vile stresi inafanya mwili na namna ya kuituliza, ni kitu ya kweli ao ni zile za kuandika majina, kupiga picha na kurudi nyumbani. Ni kitu ya kweli. Nimefuata seansi zote mupaka mwisho, nikaomba na zile za kuongea mutu mumoja na mumoja, kwa hiyo nitaandika vile niliona, yenye ilinisaidia na yenye ilinikasirisha, juu siku hizi hapa Goma kila mutu iko anatafuta usingizi na wengi wanautafuta fasi mbaya.

Kwanza fasi yenyewe. Usitafute kibao, hakuna. Ni parsele ya kawaida, mawe meusi ya volkano ku kiwanja, nyumba moja ya mabati, viti vya plastiki vimepangwa duara, na mikeka pembeni. Kibao hawakuweka kwa makusudi, juu hapa kwetu ukiandika "afya ya akili" ku mulango, mutu akionekana anaingia asubuhi, mangaribi kartie yote imeisha kusema ni kichaa. Unafikishwa pale na reko wa kartie yako, wale wanafanya kazi na sentri ya afya, ao na mutu mwenye alishapita pale. Njo maana na mimi siandiki avenue. Uliza reko, atakuonyesha. Ni bure, hakuna fishi ya kulipa, hakuna daftari ya kununua, na kila kitu kinaongewa kwa Kiswahili tangu mwanzo mupaka mwisho. Hiyo ya Kiswahili nayo niliipenda sana, juu nimekaaka ndani ya formasio zingine fasi wanamwaga Kifaransa, ba mama wanaitika "eeh, eeh" na wanatoka vile waliingia.

Mimi niko na kabini ya unite na mobile money kule Majengo. Tangu banki zifunge hapa Goma mwanzo wa 2025, pesa ya muji inapitia ku telefone, na sisi wa kabini njo watu wanakuja kulilia na kugombeza. Kashi haitoshi, komisio inapanda, mukubwa mwenye umri wa baba yangu anasimama mbele yangu anaomba pesa yake mwenyewe yenye mutoto alimutumia na mimi sina noti za kumupa. Kisha saa kumi na moja inafika, unaanza kuwaza utafikisha namna gani ile kashi nyumbani mbele ya giza. Mwili wangu ulianza kusema. Taya inauma kila asubuhi juu usiku niko ninasaga meno. Tumbo inakaza mbele ya kufungua kabini. Usiku saa nane macho wazi, roho inapiga mbio, nyumba yote kimya na watoto wamelala. Moto (pikipiki) ikipita na kulipuka eshapema, niko chini ya meza.

Nilienda ku dispensaire moja, wakapima, wakasema tifoide. Nikameza dawa, wiki zikapita, ikarudi, wakapima tena, tifoide tena. Najua siko peke yangu, ndani ya ile grupu karibu kila mutu alikuwa na hadisi ya tifoide yenye haiishi. Na kile kipimo cha Widali wanapenda kutumia kinaweza kutoka pozitifu hata kwa mutu mwenye hana tifoide kabisa. Sisemi tifoide haiko, iko, na maji yetu tunayajua. Nasema tu hakuna mutu hata mumoja kule ku dispensaire alituuliza "Mama, unalalaka namna gani?"

Ku seansi ya kwanza, ile swali njo ilikuwa ya kwanza. Mama animatrisi (ni sikologe, lakini hajiiti vile, tunamuita Mama tu) alitusalimia, akaomba kila mutu aseme ni fasi gani ndani ya mwili anasikiaka mawazo yake. Hakuuliza shida yako ni nini, aliuliza fasi tu: kichwa, mabega, tumbo, kifua, mugongo. Hakuna mutu alilazimishwa kueleza vita yake ao ndoa yake mbele ya watu, na kwangu ile njo ilifungua mulango, juu wengi tulikuja tumekaza midomo tukiogopa kuulizwa.

Kisha akatundika karatasi kubwa ku ukuta, akachora mutu, akaanza kueleza vile mwili unafanya. Nitaeleza kidogo juu ni hapa grupu inashinda vitu vingine vyote nilijaribu.

Hatari ikitokea, kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo inaitwa amigdala, inapiga alarme mbele hata wewe mwenyewe hujaelewa ni nini. Alarme inashuka ku tezi mbili zenye zinakaa juu ya figo, tezi za adrenali, zinamwaga adrenalini ndani ya damu. Pale roho inapiga mbio ili damu ifike haraka ku miguu na mikono, pumzi inakuwa fupi na ya mbio, ini linatoa sukari juu misuli ipate nguvu, mboni za macho zinafunguka, na tumbo inaacha kazi, juu mutu mwenye anakimbia haitaji kusaga fufu. Njo maana tumbo inakaza, njo maana mudomo unakauka. Muganga wa Marekani anaitwa Walter Cannon alieleza hii ya kupigana ao kukimbia mwaka wa 1915, na Mama akaongezea ya tatu, kuganda, juu watu wengi wanajilaumu "kwa nini sikukimbia, kwa nini sikulia kelele", kumbe mwili wenyewe ulichagua kubaki kimya ili upone. Aliposema ile, papa mumoja mwenye alikuwa amekaa karibu na mulango aliinama, akashika kichwa na mikono mbili, akabaki vile muda. Hakuna mutu alimusumbua.

Nyuma ya adrenalini inafuata kortizoli, yenye inakuja polepole na inakaa zaidi. Hiyo si adui. Kawaida inapanda asubuhi ili utoke kitandani, inashuka mangaribi, na karibu na usiku wa manane iko chini kabisa. Lakini mutu akikaa ku alarme miezi na miezi, ule mupango unaweza kuvurugika, unachoka muchana na unakuwa macho usiku. Akatuambia na hadisi ya Hans Selye, muganga alizaliwa Vienna 1907 akafanya kazi Montreal kule Kanada, mwenye 1936 aliandika ndani ya gazeti la Nature kwamba panya wakipewa taabu za namna mbalimbali, baridi, vidonda, kukimbizwa kupita kiasi, miili yao inajibu namna moja: tezi za adrenali zinavimba na tumbo inatoka vidonda. Akapanga hatua tatu, alarme, kuvumilia, kisha kuchoka kabisa.

Hapo mama muzee mumoja mwenye anauzisha sambaza, zile samaki ndogo, kule Kituku akasimama, akasema yule mwenye aliandika hii hakuwa hapa kwetu lakini mimi nimeiona, siku ya volkano ya Nyiragongo ilikuwa ile hatua ya kwanza. Kila mutu akaanza kuongea. Juu 22 Mai 2021, jumamosi mangaribi, anga nyekundu, tulikimbia wenye kuelekea Gisenyi, wenye kuelekea Sake, na miguu yenye siku zote inauma haikuuma kabisa ile usiku. Kisha ardhi ikatetemeka siku na siku, tarehe 27 wakaamuru watu wa kartie mingi watoke, na hakuna mutu alikuwa na usingizi hata yule nyumba yake haikuguswa. Mwili ulifanya kazi yake. Yenye wengi hatukuelewa ni kwamba nyuma ya pale haukupata ruhusa ya kushuka: mbele ya roho kutulia ikakuja ingine, na ingine, na vita ya Januari 2025, na leo hatari haipiti tena mbio mbele yako, imeketi na wewe ku meza, ni loyer, ni minervali ya watoto, ni masasi ya mbali usiku, ni simu yenye inaita saa mbaya. Adrenalini inakuja vilevile lakini hakuna fasi ya kukimbilia.

Nilitoka pale ninasikia muzigo umepunguka. Hakuna dawa nilikuwa nimepewa, ni kule kujua tu kwamba si mimi nimeharibika, si urozi, si kukosa imani, ni tezi mbili juu ya figo zinafanya yenye zinajua. Kama seansi ingekuwa moja tu na wangefunga mulango, bado ningesema enda.

Sasa mazoezi. Ya kwanza ni pumzi na njo yenye ninatumia kila siku. Unavuta hewa na pua ukihesabu mupaka ine, tumbo ijae, kifua ibaki, kisha unaitoa polepole ukihesabu mupaka sita, midomo imebana kidogo sawa mutu mwenye anapuliza makala bila kutaka majivu yaruke. Mama wa sambaza alielewa mbele ya sisi wote, miaka yote yuko mbele ya mbabula. Inatoka karibu pumzi sita kwa dakika. Sababu yenyewe iko wazi: ukivuta hewa roho inaongeza mwendo kidogo, ukiitoa inapunguza, kwa hiyo kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta unaupa mushipa wa vagusi, ule unatoka ku ubongo unashuka ku roho na ku tumbo, nafasi ya kusema polepole. Kortizoli haitoki mara moja, usidanganywe, lakini roho unaisikia inashuka ndani ya dakika chache. Ukisikia kizunguzungu ujue unavuta kwa nguvu sana, punguza. Mimi ninaifanya ndani ya kabini mutu akiwa anapiga kelele mbele yangu, macho wazi, mikono ku telefone, na hakuna mutu anajua.

Ya pili inatoka kwa Edmund Jacobson, muganga wa Chicago, tangu miaka ya 1920. Unalala ku mukeka ao unakaa, unakaza sehemu moja ya mwili sekonde chache, ngumi, kisha mukono, mabega, uso, tumbo, miguu, na unaachilia mara moja, unasikiliza tofauti. Hapa niliona kitu chenye siwezi kusahau. Mama mumoja mwenye alitoka Masisi, anaishi na familia yake kwa watu tangu kambi za wakimbizi zitoke, alikunja ngumi pamoja na sisi. Mama animatrisi akasema tuachilie. Zetu zikafunguka, yake ikabaki. Akaiangalia vile unaangalia mukono ya mutu mwingine, akasema polepole, "Haitaki." Nilifikiri animatrisi atakwenda kumufungua vidole. Hakumugusa. Akapiga magoti ku mukeka mbele yake, akamuambia, "Iache, mama. Hakuna haraka. Ikaze tena kidogo zaidi, kisha tutangoja pamoja." Tukangoja wote. Kidole kimoja, kisha kingine. Ilipofunguka yote kulikuwa alama za kucha ku kiganja, na yule mama akacheka na kulia, na kisha akaomba tufanye tena mukono mwingine. Ninaandika hii juu ya wale wanasema hizi ni michezo ya wazungu ya kulala chini.

Iko na ile ya kipepeo, unapitanisha mikono ku kifua, viganja juu ya mabega, unapigapiga polepole kulia, kushoto, kulia, kushoto, huku unapumua. Ilianzishwa Mexico na watu wa kazi hii wakisaidia wenye walipita kimbunga Pauline cha 1997, na watoto wanaipenda sana. Wangu wa mwisho anaifanya mbele ya kulala na ananirekebisha nikikosa. Ile ya kutaja vitu unaviona na unavisikia mbele yako ili urudi hapa ulipo, kwangu haikufanya sana, lakini wengine waliipenda kuliko zote.

Seansi ya mutu mumoja na mumoja inakamata karibu saa moja, mulango umefungwa, na sijasikia neno langu hata moja likizunguka ku muji. Goma ni ndogo, ningelisikia.

Sasa yenye haiko muzuri. Saa. Grupu ni asubuhi ya siku ya kazi, saa tatu mupaka saa tano, na hapa kwetu ile saa njo mutu anatafuta pesa ya kula mangaribi. Mama wa mboga akikosa asubuhi moja ku soko Virunga, watoto hawali, hakuna kingine cha kuongeza. Wengine waliacha si juu hawakupenda, waliacha juu ya ile. Na ba papa njo wanakosekana kabisa, tulikuwa karibu kumi na mbili na ba papa walikuwa wawili. Ma motari wenye wanasimamishwa kila kona, wenye wananyanganywa, wenye wanaendesha na Red Bull na bia ndani ya tumbo moja, hao njo wangekuwa ndani ya kile chumba, na hakuna mutu aliwaza saa yao. Niliisema ndani, ninaisema na hapa.

Mvua ikinyesha ku mabati, hausikii kitu. Siku moja tulikaa karibu seansi nzima tukiangaliana tu, na ni bahati kwamba wenye kuanza kupumua walianza wenyewe. Watoto wachanga hawana fasi, mama ananyonyesha huku anaambiwa alale na akaze tumbo, haiwezekani, mutu mumoja wa kushika watoto angetosha. Na kuna karatasi wanakupa mwishoni yenye inasema ulale masaa munane kila usiku, ule matunda, ufanye sport, utembee fasi ya kimya. Yule aliandika ile hajalala Ndosho. Mama animatrisi mwenyewe alituambia tuchukue yenye tunaweza, lakini ile karatasi ibadilishwe, juu mutu anaisoma na anasikia tena kosa ni lake.

Kuna wenye walikasirika juu hakuna pesa ya moto wala sabuni. Ninawaelewa, tumezoeshwa vile miaka mingi, lakini mimi sioni ile ni kosa la grupu. Na jambo moja niliheshimu sana: walikuja wageni na kamera, Mama animatrisi akatoka, akaongea nao ku kiwanja, wakaenda. Hakuna sura yetu hata moja ilipigwa.

Watu wananiuliza tena, kwa nini upoteze asubuhi, si kuna dawa? Basi tuseme wazi. Ile komprime ya usingizi inauzishwa moja moja ku mafarmasi ya kartie, diazepamu, wengine wanaiita Valium, inakulalisha kweli ile usiku. Lakini inakaa ndani ya mwili zaidi ya siku nzima, unakuwa na kichwa kizito muchana, na mwili unaizoea ndani ya wiki chache, kisha bila yenyewe haulali kabisa na kuiacha ghafla ni hatari. OMS, shirika la afya la dunia, tangu 2013 iliandika kwamba mutu mukubwa mwenye amepita jambo la kutisha asipewe dawa za ile familia juu ya dalili za mwezi wa kwanza. Na ukiimeza na pombe, pumzi yako inaweza kusimama usiku. Kwa hiyo kama dokta ndiye amekuandikia, fuata dokta, usiikate wewe mwenyewe, lakini ya kununua kwa yule mutoto wa farmasi mwenye hajakuuliza hata jina, hapana.

Bia nayo inakulalisha mwanzo na inakuamusha katikati ya usiku, muulize yeyote mwenye anakunywa Primus tatu kila mangaribi anaamukaka saa ngapi. Kahawa yetu ya Kivu ninaipenda sana, ila kafeini nusu yake iko bado ndani ya damu masaa tano nyuma ya kunywa, kwa hiyo mimi ya mwisho ninaikunywa mbele ya muchana. Hii ndogo tu ilinisaidia kuliko nilivyofikiri.

Na maombi? Kuna wenye waliogopa kwamba grupu itawatoa kanisani. Haikusema kitu kama hiyo, kinyume chake Mama alituuliza kila mutu ni nini tayari kinamutuliza, na wengi walisema korale. Ukiimba unatoa pumzi ndefu, unapumua pamoja na watu ishirini, unatoka umekuwa mwepesi, mwili haujali kama uliitaja zoezi ao wimbo. Mwingine alisema likelemba yake, ile ya kuchangiana pesa kwa zamu, juu siku ya likelemba anacheka na wenzake na anajua kuna pesa inakuja. Mwingine kusuka nywele za watoto. Vyote viliandikwa ku karatasi kubwa na vikabaki pale ku ukuta mupaka mwisho, na kwangu ile karatasi ilikuwa muzuri kuliko ile ya kuchapwa.

Kuna watu hii grupu haitawatosha na ni vizuri mujue mbele. Mutu mwenye anasikia sauti, mwenye hali na haongei siku na siku, mwenye anawaza kujitoa uhai, usimungojeshe seansi ya wiki ingine, umuambie animatrisi ile saa ao umupeleke mara moja fasi ya matunzo ya akili, na hapa Goma tuko na Tulizo Letu, sentri ya Ma Frère de la Charité, hao ni kazi yao. Na kifua ikikubana, maumivu yanaenda ku mukono ao ku taya, jasho baridi, usikae unahesabu ine na sita, enda hospitali. Vilevile tansio, ipimishe, juu 140 kwa 90 na kupanda ikirudia kila mara ukipima ni ugonjwa wa kutibiwa na pumzi peke yake haitoshi. Mama wa sambaza alikutwa na tansio pale pale ku grupu, siku wanesi walikuja kutupima, na leo iko anameza dawa zake.

Mimi leo? Bado ninaamuka usiku mara zingine. Tofauti ni kwamba roho ikipiga mbio ninajua ni nini, ninaweka mukono ku tumbo, ninatoa pumzi, na mara nyingi ninarudi kulala mbele ya jogoo. Taya haiumi tena vile. Tifoide yangu ya kila mwezi nayo haijarudi kunitembelea. Kashi bado ni shida, kabini bado ni ile ile, loyer haijashuka na hakuna mutu pale alituahidi kwamba itashuka.

Ninaipa nyota ine juu ya tano, ya tano wataipata siku watafungua grupu ya mangaribi ao ya siku ya mungu nyuma ya ibada. Mukienda: fika mapema juu viti vya karibu na mulango vinaisha na ndani kuna joto, vaa nguo pana, ba mama mubebe kitenge cha pili cha kutandika juu mikeka haitoshi wote, funga telefone. Grupu ya wa mama na ba papa wapya wanaanza kuandika majina kwa reko kila mwanzo wa mwezi. Na wewe motari mwenye uliniuliza inboksi kama mwanaume anaweza kuingia pale bila kuchekwa: ndiyo, ndugu yangu, na ukipata wenzako sita ao saba mwende pamoja kuomba saa yenu, Mama animatrisi alishaniambia atawafungulia.